Kidderminster, Mji wa Mazulia, na Motakaa Isiyo na Bitana



Mkipanda gari la moshi mjini Birmingham, katikati ya Uingereza, mkaelekea kusini-magharibi, baada ya maili 17 hivi mtashuka mahali paitwapo Kidderminster. Jina hili ni zito kwa ulimi wetu. Ni mji wa matofali mekundu, wenye watu zaidi ya 50,000. Katikati yake unapita mto mdogo uitwao Stour, na karibu ya mto upo mfereji uliochimbwa zamani kwa ajili ya mashua za mizigo. Mtu apendaye majumba ya fahari asijisumbue kwenda huko. Lakini akitaka kuona jinsi mji mzima ulivyoweza kula, kuvaa na kusomesha watoto kwa kazi ya kufuma kitu cha kukanyagwa kwa miguu, basi huko ndiko.

Mazulia ya Kidderminster yalianza kusifiwa katika karne ya 18. Mwaka 1749 mtu mmoja, John Broom, alisimamisha huko mtambo wa kufumia wa namna ya Brussels, akafanya kazi yake kwa siri. Inasimuliwa kwamba mwenzake wa mji ule ule alikuwa akipanda ngazi usiku na kuchungulia dirishani, mpaka akajifunza siri yote. Sijui kama yule mchunguliaji alipata usingizi miezi ile! Kazi ikaenea, matajiri wakatajirika, walakini wafumaji hawakushiba sikuzote. Mwaka 1828 waligoma kwa miezi mingi kwa sababu ya kupunguziwa ujira. Siku hizi viwanda vingi vimefungwa, na baadhi ya majengo yake yamefanywa maduka. Mjini imesimama pia sanamu ya Rowland Hill, aliyezaliwa huko mwaka 1795, ndiye aliyeleta mpango wa stempu ya peni moja mwaka 1840. Ninyi mnaobandika stempu juu ya barua mnakula matunda ya akili yake.

Lakini habari niliyotaka kuwapa leo si ya posta wala ya mazulia ya sebuleni. Ni habari ya bitana ya motakaa.

Nyumba niliyokaribishwa ni ya mzee mmoja aliyeendesha basi miaka mingi, naye sasa amestaafu. Mimi nilimwita Mzee, na mkewe nilimwita Mama, nao walipendezwa sana nilipowaeleza kwamba kwetu hayo ni majina ya heshima. Kando ya nyumba lipo banda, na ndani ya banda niliona kitu ambacho kwanza nilidhani ni mtumbwi wa bati. Ilikuwa motakaa ndogo ya mbio, haina paa, haina milango ya kweli, ina viti viwili tu, na iko chini sana hata ukiketi ndani waweza kunyosha mkono na kugusa sakafu ya banda. Ndani yote ilikuwa alumini tupu, iking'aa kama sufuria mpya, na safu za ribiti kila upande.

Pengine utaniuliza, ndugu msomaji, dereva wa basi aliyestaafu amepataje motakaa ya mbio? Jibu ni kwamba ameiunganisha mwenyewe. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwenye kampuni ya Lotus, alianza kuuza motakaa iitwayo Seven, maana yake Saba. Zamani hizo serikali ya Uingereza ilitoza kodi nzito juu ya motakaa iliyokamilika, lakini si juu ya vipande vyake. Basi Chapman akauza vipande, na mnunuzi akaviunganisha nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba ilikatazwa kumpa mnunuzi maelezo ya kuunganisha, kwa hiyo alipewa maelezo ya kufumua, naye akayasoma toka mwisho kwenda mwanzo. Kodi ile iliondolewa mwaka 1973, ikaja nyingine isiyoacha vipande, lakini watu walikuwa wamekwisha onja utamu wa kujijengea. Mwaka huo huo haki ya kutengeneza Seven ilishikwa na kampuni ya Caterham, nayo yaendelea mpaka sasa. Kisha mafundi wengine wengi wameliiga umbo lile, na motakaa ya Mzee ni mojawapo ya hizo za kuiga.

Jambo kubwa la motakaa hizi ni wepesi. Nyingi zina uzito wa kilo 500 na kitu, hali motakaa ya kawaida ya siku hizi hupita kilo 1,200 bila taabu. Ndiyo sababu injini ndogo huzirusha kama swala.

Nilipofika, injini ilikuwa imekwisha kaa mahali pake, breki zilishika, taa ziliwaka. Kilichobaki ni bitana, yaani vile vifuniko vya ndani: sakafuni, ubavuni, viti, na ule mgongo wa katikati unaofunika giaboksi na propela shafti. Mtu asiyejua angesema kazi imekwisha. Mzee alitikisa kichwa. Akaniambia ya kuwa wajenzi wengi huangukia hapo hapo. Wamechoka, fedha zimekwisha, wanatamani kuendesha. Basi hununua kitambaa cho chote cheusi, hupaka gundi kila mahali, na mvua za mwaka wa kwanza zikipita motakaa hunuka kama shimo la panya. Kufumua kitu kilichogandishwa kwa gundi ni kazi kubwa kuliko kukibandika, na kitambaa kikishang'olewa hakifai tena.

Palikuwa na jambo jingine pia, nalo Mama ndiye aliyenieleza tulipokuwa tukiosha vyombo. Fedha za motakaa zilitoka katika akiba yao wote wawili. Tangu mwanzo walikuwa wamepatana hivi: kiti kimoja ni cha Mzee, cha pili ni cha Mama, na kama Mama ataketi akaona hawezi kuvumilia, motakaa itauzwa kabla ya kuandikishwa, na fedha zirudi benki. Miaka miwili ilikuwa imepita, naye hakuwahi kuketi hata mara moja. Nyonga yake ya kushoto inamwuma, na kila akitazama zile kingo za bati hurudi jikoni. Kwa hiyo Mzee alijua kwamba uchaguzi wa bitana ndio utakaoamua kama kazi ya miaka miwili inabaki bandani au inakwenda kwa mtu mwingine.

Wako wanaopenda alumini ibaki tupu, kwa kuwa kila kilo wanaihesabu. Lakini alumini hupokea joto la injini upesi, na ule mgongo wa kati waweza kumchoma mtu mguuni katika safari ndefu. Mawe yanayorushwa na magurudumu hulia ndani kama mvua ya mawe juu ya bati. Tena bati tupu huchafua nguo rangi nyeusi. Na zaidi ya hayo yote, uko mtihani wa serikali, ambao nitaueleza baadaye.

Juma lile tukaanza kuzunguka kutafuta.

Kwanza tulikwenda kwenye makumbusho ya mazulia hapo hapo Kidderminster, yaliyofunguliwa mwaka 2012 ndani ya kiwanda cha zamani. Mzee mmoja aliyekuwa mfumaji alitueleza namna mbili kubwa za ufumaji, Wilton na Axminster. Katika Wilton nyuzi za juu hupita ndani ya kitambaa toka mwanzo hata mwisho, kwa hiyo zulia huwa gumu na zito, lakini rangi zake huwa chache. Katika Axminster kila kishungi huingizwa peke yake, kwa hiyo mfumaji aweza kuweka maua na rangi apendavyo. Tulionyeshwa pia zulia ambalo katika kila sehemu 100 za nyuzi zake, 80 ni sufu ya kondoo na 20 ni nailoni. Sufu huleta ulaini na joto, nailoni huzuia kuchakaa.

Mama, aliyekuja nasi, alishika kipande cha Wilton chekundu, hakutaka kukiachia. Yule mfumaji akamwuliza ni cha chumba gani. Alipoambiwa kwamba ni cha motakaa isiyo na paa, akacheka, akasema sufu yaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaisikia kuwa imelowa. Sebuleni hiyo ni sifa. Ndani ya motakaa ya wazi ni balaa, maana maji yale hukaa chini yakila chuma pole pole, na mwenyewe hana habari. Mama akakirudisha kile kipande mahali pake, bila kupenda.

Siku ya pili tulikwenda Walsall, upande wa pili wa Birmingham, kiasi cha maili 8 kaskazini-magharibi yake. Huo ni mji wa matandiko ya farasi. Hata timu yao ya mpira hupewa jina la utani la Watengeneza Matandiko. Farasi walipopungua barabarani, mafundi wa Walsall hawakulia tu, bali waligeukia mikoba, mikanda na vijaluba vya fedha. Makumbusho yao ya ngozi yalifunguliwa mwaka 1988, nami nilikaa humo kwa muda mrefu kuliko wenzangu walivyotaka.

Huko nilijifunza ya kuwa ngozi moja nzima ya ng'ombe hutoa kiasi cha futi 50 za mraba, lakini si zote ni sawa. Ya mgongoni ni imara. Ya tumboni huvutika ovyo, ukiivika kitini baada ya mwaka inalegea kama shati la kuazima. Makovu ya kupe, ya miiba na ya seng'enge huonekana yote ngozi inapotandikwa mezani, kana kwamba ng'ombe ameandika habari za maisha yake. Nanyi wafugaji, sikieni: chapa ya moto ikipigwa ubavuni huharibu sehemu ile ile ambayo mnunuzi angeilipia zaidi. Yafaa ipigwe chini mguuni au shavuni.

Jambo jingine lilinigusa kwa sababu ni la kwetu. Kuna njia mbili kubwa za kudabaghi ngozi. Ya kale ni kutumia maji ya magome ya miti, na mti mmoja unaosifiwa sana kwa kazi hiyo ni muwati. Ninyi wa Njombe mnaujua. Kampuni ya miwati ilianzishwa huko mwaka 1949, na dawa inayokamuliwa katika magome yake ni ya kudabaghi ngozi. Ngozi ya namna hii ni ngumu, yafaa kwa hatamu, mikanda na tandiko. Njia ya pili ni ya chumvi za kromi, nayo hutoa ngozi nyembamba, laini, inayovumilia joto zaidi, ndiyo itumikayo sana katika viti vya motakaa. Mzee alikuwa ametamani ile ya magome kwa dashibodi, kwa ajili ya harufu yake. Fundi akamwonya: jua likiipiga miaka miwili mitatu, hujikunyata, ikajivuta kutoka kwenye mapindo, na gundi haiwezi kuizuia.

Sitakaa sana juu ya safari ya Malvern, ingawa ilikuwa nzuri kwa macho. Vilima vyake hufika urefu wa mita 425, na kutoka juu unaona mashamba mpaka macho yachoke. Chini ya vilima hivyo iko kampuni ya Morgan, iliyoanzishwa na H. F. S. Morgan, na mpaka leo baadhi ya motakaa zake zina kiunzi cha mbao za mti uitwao ash chini ya mabati. Waremala katika kiwanda cha motakaa! Nilidhani natembelea karakana ya makabati. Pale mnunuzi huchagua rangi ya ngozi apendayo, na mafundi huikata na kuishona. Mzee alitazama yote kwa adabu, kisha njiani akasema: "Wao wana mafundi. Mimi nina meza ya jikoni."

Basi aliporudi nyumbani alifanya jambo ambalo mimi nalisifu kuliko yote niliyoyaona huko. Alichukua ubao mrefu, akapigilia juu yake vipande vidogo vya kila kitu alichopewa cha kuonja: zulia la sufu, zulia la nyuzi za plastiki, ngozi bandia ya namna mbili, moja rahisi na moja ya bei, ngozi halisi, na kipande cha Alcantara, kile kitambaa laini kama ngozi ya swala kilichobuniwa na Wajapani mwaka 1970 na ambacho hutengenezwa Italia. Baadhi alivibandika juu ya ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa, vingine juu ya bati. Akauegemeza ubao ukutani nje, mvua ikaupiga, jua likaupiga, siku kumi na nne. Huko mvua haihitaji kuombwa.

Tuliusoma ubao ule kama daftari. Sufu, siku mbili baada ya mvua ya mwisho, ilikuwa bado imelowa upande wa chini, nayo ilinuka kama zizi. Zulia la plastiki lilikauka kabla ya saa sita mchana, isipokuwa pale lilipokuwa na mgongo wa mpira, kwa maana mpira ule ulishika maji chini yake. Ngozi bandia ya rahisi ilikuwa imeanza kukakamaa pembeni. Ile ya bei ilifutwa kwa kitambaa ikawa kama mpya. Ngozi halisi ilipata alama ya maji kama ramani ya kisiwa. Alcantara ilifanana na paka aliyetolewa kisimani. Na ule ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa, unaotumiwa na wengi kwa sababu ni rahisi, ulikuwa umevimba kama mkate. Mzee akaukata kabisa katika hesabu zake.

Kisha akapima kila kipande kwa mizani ya Mama ya kupimia unga. Mama alipoikuta mizani yake ina nywele za zulia, nyumba ilipata moto kidogo.

Lakini ni hasira hiyo iliyoleta ufumbuzi. Mama alikwenda bandani, akasema, "Mmepima kila kitu isipokuwa mimi." Akaweka mto wa kitini juu ya bati, tukamsaidia, akaketi mara ya kwanza tangu motakaa ianze kujengwa. Akaomba chaki. Basi kila mahali mwili wake ulipogusa bati akaweka alama: kiwiko juu ya mgongo wa kati, goti la kulia ubavuni mwa mgongo huo, nyonga, bega, na visigino chini. Akatoka, akasema, "Hapa na hapa na hapa. Kwingine fanyeni mpendavyo."

Tulizihesabu alama. Zilikuwa saba tu. Mzee alisimama akizitazama kwa muda, maana yeye alikuwa akichagua kitambaa kimoja kwa ndani yote, na kila kimoja kilikuwa na sifa yake na ubaya wake, ndiyo maana hakufika po pote. Sasa motakaa ilikuwa imegawanyika yenyewe. Mahali panapoguswa na mtu panahitaji kitu laini. Mahali panapoguswa na maji panahitaji kitu kinachokauka. Na mahali pasipoguswa na cho chote, kama nyuma ya viti, hapahitaji kitu. Rangi tu yatosha, na uzito unapungua.

Hivi ndivyo walivyoamua. Sakafuni, zulia la nyuzi za plastiki lisilo na mgongo wa mpira, wala lisigandishwe kwa gundi, ila lishikwe kwa vifungo vya chuma vya kubana kama vya jaketi, ili liweze kutolewa kwa dakika moja. Ubavuni, ngozi bandia ile ya bei, juu ya mabati membamba yanayofungwa kwa skrubu. Juu ya mgongo wa kati, ngozi bandia hiyo hiyo, na chini yake sponji nyembamba ya vishimo vilivyofungwa, isiyonyonya maji. Nayo yote ikae juu ya kifuniko kinachofunguka, kwa sababu propela shafti na waya wa breki ya mkono hukaguliwa kwa kupitia hapo. Pale pa kiwiko cha Mama, na katika kiti chake, ngozi halisi ya kromi. Mzee akasema kiti chake yeye kitakuwa cha ngozi bandia, kwani alikalia ya basi miaka yote bila kulalamika.

Juu ya rangi walibishana siku mbili. Nyeusi huficha uchafu, lakini jua likiwaka hukalika kwa shida. Njano isiyokoza ilionyesha kila kidole cha mafuta. Mwishowe Mama alichagua ile tuiitayo sisi damu ya mzee. Nilipowatafsiria jina hilo, Mzee alinitazama kwa mashaka.

Kazi yenyewe ilichukua siku tisa, nami kazi yangu ilikuwa kushika. Kwanza kila kipande hukatwa kwa karatasi nzito, hujaribiwa mahali pake, hupunguzwa, hujaribiwa tena. Karatasi ni rahisi, ngozi ni ghali. Kisha kitambaa hukatwa kikiwa na ziada ya sentimita 2 pande zote, ya kukunjwa nyuma ya bati. Gundi yenyewe hupakwa pande zote mbili, juu ya bati na juu ya kitambaa, nawe husubiri mpaka ukiigusa isishike kidole. Hapo ndipo unaunganisha, tena mara moja tu, maana ikishashika haisogei. Hapana budi iwe gundi ya kuvumilia joto. Ya kawaida huachia mchana wa jua la kwanza. Milango ya banda ilikuwa wazi sikuzote, kwa kuwa moshi wa gundi ile huumiza kichwa na kushika moto upesi. Penye mapindo, Mama alikuja na mashine yake ya kukaushia nywele, akaipasha ngozi bandia joto, nayo ikawa laini kama unga wa chapati, ikavutwa mpaka mikunjo yote ikaisha. Kwenye pembe ya nje hukatwa kipembe kidogo ili mkunjo usivimbe. Kwenye pembe ya ndani hupasuliwa mara moja tu, wala upasuaji usifike ukingoni, la sivyo bati litachungulia.

Sasa ule mtihani. Motakaa iliyojengwa nyumbani haiwezi kuandikishwa Uingereza mpaka ikaguliwe na wakaguzi wa serikali. Wanaangalia breki, taa, mikanda, moshi. Lakini huangalia pia bitana. Wanayo tufe ya milimita 165, kiasi cha kichwa cha mtu, na kila mahali tufe hiyo inapoweza kugusa mbele ya abiria, ukingo mkali haukubaliwi. Mkaguzi hutaka mviringo usiopungua milimita 2.5. Ndiyo kusema kitambaa peke yake si kinga. Ukivika ukingo mkali kwa ngozi nzuri, ndani ungali kisu.

Niliondoka kabla ya siku ya mtihani. Baadaye Mzee aliniandikia barua. Mara ya kwanza walianguka, kwa sababu ya ukingo mmoja tu chini ya dashibodi, upande wa Mama, mahali ambapo chaki yake haikufika kwa kuwa goti lake halikufika. Mkaguzi aliuonyesha kwa kidole. Mzee akauvika mpira mnene, akalipa ada ya kurudia, akapita.

Safari yao ya kwanza ilikuwa ya kwenda Bewdley, maili tatu tu toka nyumbani, mji mdogo kando ya mto Severn. Mama aliketi kitini pake, kiwiko juu ya ngozi yake. Walikunywa chai huko, na wakati wa kurudi mvua ikawakuta njiani, wakalowa wote wawili. Asubuhi yake, aliandika Mzee, zulia la motakaa lilikuwa limeanikwa juu ya kamba ya nguo, katikati ya shuka mbili, nalo lilikauka kabla ya shuka.